Mjumbe Hauawi: Barua Zilizopishana Juu ya Hong Kong

(Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, Tanga. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Salamu ndefu nimezipunguza.)

Mgeni rasmi, walimu, wazazi, na ninyi wahitimu mliovaa majoho kwenye joto hili la Tanga: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni kwa wanaostahili shikamoo.

Mwalimu wenu aliponipigia simu alinitaka nizungumzie umuhimu wa kumbukumbu katika utumishi wa umma. Nikamjibu kwamba hotuba hiyo mmeshaisikia mara nyingi, na wengine mmeijibia mtihani. Nikamwomba ruhusa nisimulie habari za barua. Barua zenyewe ziliandikwa mwaka 1840 na 1841, baina ya Guangzhou, Beijing na London. Zilimfukuzisha kazi afisa mmoja wa Kiingereza, zikamfunga minyororo mtukufu mmoja wa China, na zikaacha kisiwa kimoja mikononi mwa watu ambao mkubwa wao hakukitaka.

Kabla sijaanza kufundisha nilikaa masjala miaka mingi. Mwaka wangu wa pili, barua yenye mhuri mwekundu wa HARAKA ililala zaidi ya wiki tatu kati ya meza mbili zilizotazamana. Mwenye meza ya kwanza aliapa ameshaipeleka. Mwenye meza ya pili aliapa hajaletewa. Wote wawili walikuwa wakweli: ilikuwa imeteleza chini ya sinia la chai. Mwalimu mmoja wa kijijini akakosa uhamisho kwa sababu hiyo, na aliyepewa onyo ni mhudumu. Ofisi siitaji, wengine mnaifahamu. Tangu siku ile nikisoma historia, siulizi kwanza nani alipigana na nani. Nauliza barua ilitoka lini, ikafika lini, na aliyeifungua alikuwa anajua nini asubuhi hiyo.

Sasa twende China. Kisa cha vita chenyewe nitakipitia mbio. Wafanyabiashara wa Kiingereza walikuwa wakipeleka afyuni kutoka India hadi pwani ya kusini ya China, biashara iliyopigwa marufuku na dola ya Qing iliyotawala China wakati ule. Wahenga wetu waliiita pia kasumba, na sisi tumelibakiza neno hilo kwa ugonjwa mwingine. Mwishoni mwa 1838 Mfalme Daoguang akamtuma Lin Zexu kwenda Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton, aikomeshe. Lin akafika Machi 1839, akaizingira mitaa ya wageni. Afisa wa Uingereza pale, Kapteni Charles Elliot wa jeshi la majini, aliyekuwa msimamizi mkuu wa biashara, akawaambia wafanyabiashara wamkabidhi afyuni yao yote kwa jina la Malkia, akiwaahidi kwamba serikali itawalipa. Yakatoka masanduku 20,283, na Juni Lin akayateketeza pale Humen.

Hiyo ahadi ya kulipa, nani alimruhusu Elliot kuitoa? Hakuna. London ilipata habari miezi baadaye kwamba inadaiwa fedha zinazokaribia pauni milioni 2 na watu ambao haijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Na huyu Elliot, ajabu yake, alikuwa anaichukia biashara ile. Alimwandikia waziri wake kwamba ni aibu na ni dhambi. Shikeni hapo, maana tabia ya mtu huyu ndiyo itakayomponza: alikuwa mwepesi wa kuahidi kwa niaba ya wakubwa, na mzito wa kumwaga damu.

Kuhusu masafa. Njia ya haraka kuliko zote ilikuwa hivi: barua inatoka pwani ya China kwa meli hadi India, inapandishwa meli ya moshi Bombay hadi Suez, inavuka nchi kavu ya Misri hadi Alexandria, inapanda meli nyingine Bahari ya Kati. Miezi mitatu, ikiwa upepo na makaa ya mawe vimekubali. Kwa hiyo swali na jibu lake ni nusu mwaka. Waziri wa mambo ya nje, Lord Palmerston, alikuwa anaiendesha sera ya China kwa fimbo yenye urefu wa nusu dunia, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tusidhani lakini kwamba masafa peke yake ndiyo yaliyoharibu. Kulikuwa na neno moja dogo la Kichina, *bing*, ambalo Waingereza wa wakati ule waliliandika *pin*. Ndilo lililopaswa kukaa juu ya barua yoyote ambayo mgeni anamwandikia afisa wa Qing. Maana yake ni ombi la mdogo kwa mkubwa, barua iliyoandikwa kwa magoti. Tena haikupelekwa moja kwa moja: ilipita kwa wafanyabiashara wa Kichina waliopewa kibali cha kushughulika na wageni. Mwishoni mwa 1836 Elliot, mara tu baada ya kushika kazi, aliandika *bing* ili aruhusiwe kuingia Guangzhou. Akaingia. Kwake lilikuwa neno tu la kufungulia mlango. Palmerston aliposoma huko London, akaona mwakilishi wa Malkia ameandika kama mtwana, akamkataza. Elliot akatii, akateremsha bendera mwishoni mwa 1837, akarudi Macau. Basi, aliyekuwa pale mlangoni alijua bei ya kuingia, na aliyekuwa mbali alijua bei ya heshima, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumweleza mwenzake bei yake kwa barua ya miezi mitatu.

Sasa kuna barua moja nawaomba muiangalie kwa jicho la mfasiri. Tarehe 20 Februari 1840 Palmerston alimwandikia waziri wa China barua ndefu. Ndani yake Uingereza *inadai*. Inadai fidia ya afyuni, inadai kisiwa kimoja au zaidi, inadai madeni yalipwe, na juu yake gharama za kutuma manowari zinazoleta madai hayo. Manowari zikaja kweli katikati ya 1840, zikaiteka Dinghai katika kisiwa cha Zhoushan mwezi Julai, kisha zikapanda kaskazini hadi karibu na Tianjin, na Agosti barua ikakabidhiwa.

Sentensi inayosema Uingereza inadai kuridhishwa na kulipwa fidia ilikuwa imetiwa kwenye Kichina kwa maneno yenye maana ya kumsihi mfalme awaondolee dhuluma waliyofanyiwa. Ninyi mnaongea Kiswahili, hamhitaji mwalimu wa kuwaambia tofauti ya *nadai* na *nalilia haki*. Anayedai amesimama na bunduki begani. Anayelilia haki amekaa chini ya mwembe wa mahakama akisubiri kuitwa. Mfalme Daoguang akaisoma ile ya pili. Akaona kumbe ugomvi wote ni Lin Zexu kuwaonea wageni; basi Lin ataadhibiwa, na wageni warudi kusini yakachunguzwe huko. Lin akaondolewa madarakani. Kwa macho ya Beijing, shauri lilikuwa limekaribia kwisha. Kwa macho ya London, lilikuwa halijaanza kujibiwa.

Aliyewapokea Waingereza kule kaskazini, akawabembeleza warudi kusini, alikuwa gavana mkuu wa jimbo la Zhili, Qishan, Mmongolia wa ukoo mkubwa. Alifaulu kwa maneno matamu kiasi kwamba mfalme akamtuma yeye huyo huyo kwenda Guangzhou kumaliza kazi. Akafika mwishoni mwa Novemba 1840. Wakati huohuo binamu wa Charles Elliot, Admirali George Elliot, waliyeshirikiana naye mamlaka ya mazungumzo, akaugua akarudi kwao. Mezani wakabaki watu wawili: Charles Elliot na Qishan.

Na hapa ndipo penye jambo nililokuja kulisema leo. Watu hawa wawili, maadui, kila mmoja akiwa na jeshi nyuma yake, walielewana. Hawakupendana, sisemi hivyo. Lakini Elliot alijua Qishan anaweza kutoa nini bila kukatwa kichwa, na Qishan alijua Elliot hataki kuichoma Guangzhou. Waliokaa uso kwa uso walisomana kama kitabu. Kila mmoja wao aliposhika kalamu kumwandikia bwana wake mwenyewe, hapo ndipo maneno yalipoanza kupinda.

Qishan alikuwa ameyaona mambo kwa macho. Alikagua ngome akamwandikia mfalme waziwazi: mahali hapa hapana sehemu ya kuzuilia adui, silaha hazitegemeki, askari si imara, na raia hawana msimamo. Afisa wa Qing kumwandikia mfalme maneno hayo ni ujasiri, tuseme ukweli. Lakini alichokuwa anakitoa mezani akakiandika kwa mafungu madogo madogo, kama mgonjwa anayenyweshwa dawa chungu kwa kijiko cha chai. Tena mtu aliyemtuma kwenda na kurudi kwa Waingereza alikuwa Bao Peng, aliyewahi kuwa karani wa mfanyabiashara Mwingereza na aliyezungumza Kiingereza cha bandarini. Mambo ya dola mbili yalipita katika kinywa hicho.

Januari 7, 1841, mazungumzo yakiwa yanasuasua, Elliot akaruhusu shambulio. Manowari, ikiwemo meli ya moshi ya chuma iliyoitwa Nemesis, zikazivunja ngome za Chuanbi mlangoni mwa Mto Lulu kwa saa chache tu. Kisha Elliot akasimamisha mizinga, wakarudi mezani, na tarehe 20 Januari akatoa tangazo kwamba mapatano ya awali yamefikiwa. Kisiwa na bandari ya Hong Kong vinakwenda kwa Malkia wa Uingereza, ila ushuru wa biashara pale utalipwa kwa China kama vile bidhaa zimepita Huangpu, bandari ya Guangzhou. China italipa dola milioni 6 za fedha, milioni moja papo hapo na zilizobaki kwa miaka hadi 1846. Maafisa wa pande mbili wataandikiana kama walio sawa. Biashara ya Guangzhou itafunguliwa baada ya mwaka mpya wa Kichina. Kwa upande wake, Elliot atakirudisha kisiwa cha Zhoushan.

Mapatano haya Qishan hakuyatia sahihi wala mhuri, si siku ile wala baadaye.

Na upande wake wa karatasi ulisema nini? Qishan alimwandikia mfalme kwamba Waingereza wanaomba wapewe mahali pa kukaa Hong Kong, kwa mfano wa Wareno wanavyokaa Macau. Wareno wa Macau, muelewe, walikuwa wakilipa kodi ya ardhi kwa China kila mwaka. Walikuwa wapangaji wa muda mrefu mno, lakini wapangaji. Kwa hiyo upande mmoja umeandika kwamba nyumba imeuzwa. Upande wa pili umeandika kwamba kuna mtu anaomba chumba cha uani. Sisi watu wa pwani kesi za namna hii tunazijua, zimejaa kwenye mabaraza ya ardhi. Kinachonishangaza ni kwamba hata tangazo la Elliot lenyewe lina harufu ya upangaji, maana mwenye nyumba gani anamlipa jirani ushuru wa kilichoingia mlangoni kwake?

Naomba sasa mchukue kalamu mwandike tarehe tatu. Najua ni sherehe, lakini andikeni.

Tarehe 26 Januari 1841, Kamanda Gordon Bremer anapandisha bendera ya Uingereza Hong Kong na kukichukua kisiwa rasmi. Mizinga inapigwa. Waliokuwepo wanaamini amani imepatikana.

Tarehe 27 Januari, Elliot na Qishan wanakutana pale Kilima cha Lianhua kando ya mto. Kuna gwaride la heshima na karamu.

Tarehe hiyo hiyo, 27 Januari, Beijing, Mfalme Daoguang anapokea habari za kuanguka kwa ngome za Chuanbi, zilizopotea siku ishirini zilizopita. Anatangaza vita.

Kwa hiyo wakati mjumbe wake amekaa karamuni na mgeni, mfalme ameshaamua kumwangamiza mgeni huyo. Mwenye kumwandalia chakula hajui. Mwenye kula hajui. Wajumbe wa farasi wa Qing walikuwa wepesi kwa kipimo chochote cha zama zile, na bado siku ishirini zilitosha kabisa.

Yaliyofuata Beijing yalikuwa ya haraka. Gavana wa Guangdong, Yiliang, akampita Qishan na kumwandikia mfalme moja kwa moja kwamba Waingereza wamebandika matangazo Hong Kong wakisema wenyeji sasa ni raia wa malkia wao. Mfalme akapata taarifa hiyo mwishoni mwa Februari. Akajibu kwamba yeye ndiye anayetawala vyote vilivyo chini ya mbingu, kila shubiri ya ardhi na kila mtu ni mali ya dola, na Qishan ametoa Hong Kong bila ruhusa. Mali za Qishan zikataifishwa. Machi akatolewa Guangzhou amefungwa minyororo, na baadaye akahukumiwa kifo. Adhabu hiyo haikutekelezwa, na mtamkuta tena mwisho wa maneno yangu.

Sisi tunasema mjumbe hauawi. Methali hiyo inamkinga mjumbe dhidi ya yule aliyetumwa *kwake*. Dhidi ya yule *aliyemtuma*, sijapata kuisikia methali yoyote.

Sasa London. Barua za Elliot zilifika mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 13 Aprili Malkia Victoria alimwandikia mjomba wake, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwamba mambo ya China yanawaudhi sana, kwamba Elliot amekaidi maagizo na kuridhika na masharti duni kabisa. Halafu, katika barua hiyo hiyo, akasema mumewe Albert anachekeshwa sana na habari kwamba yeye amepata kisiwa cha Hong Kong, na kwamba huenda binti yao mchanga aitwe Binti Mfalme wa Hong Kong.

Palmerston hakucheka. Barua yake ya 21 Aprili kwa Elliot inapaswa kufundishwa vyuoni kama mfano wa namna bosi anavyomaliza mtu kwa karatasi. Alimwambia ameyafanya maagizo yake kama karatasi za kutupa. Alimlaumu kwa kupokea fedha pungufu, kwa kuiachia Zhoushan kabla fedha hazijalipwa, na kwa kuchukua badala yake kisiwa kikavu ambacho ni taabu kuona hata nyumba moja juu yake. Mwezi uliofuata akaongeza jambo lingine: kwa sharti lile la ushuru, Hong Kong haikuwa milki ya Uingereza hata kidogo, ilikuwa makazi ya kuvumiliwa kwenye ardhi ya China, kama Macau.

Je, mmeisikia hiyo? Palmerston, akiwa London, ameusoma mkataba vilevile alivyousoma Qishan! Mtu pekee aliyeamini kwamba Hong Kong imeuzwa moja kwa moja ni yule aliyeandika tangazo.

Na hiyo "taabu kuona hata nyumba moja"? Mei 1841, kabla barua ya kufukuzwa haijafika China, utawala mpya wa kisiwa ulichapisha hesabu ya watu: 7,450, wakiwemo maelfu wanaoishi kwenye mashua. Kulikuwa na vijiji, kulikuwa na wavuvi, kulikuwa na wachonga mawe. Katika barua zote nilizowasimulia, za Elliot, za Qishan, za Palmerston, za mfalme, kisiwa kinapimwa kwa bandari yake, kwa ushuru wake na kwa heshima ya dola. Hao 7,450 wanatajwa pale tu ilipohitajika kuwaambia wao ni raia wa nani.

Niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo, maana nawaona wageni kutoka Mombasa pale nyuma. Ninyi jambo hili mlishalionja miaka kumi na saba kabla ya Hong Kong. Februari 1824 Kapteni Owen wa jeshi lile lile la majini aliweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza, kwa ombi la Wamazrui waliokuwa wanamhofia Sayyid Said. Owen hakuwa na ruhusa ya mtu. Akamwacha pale luteni wake kijana, Reitz, ambaye alikufa baada ya miezi michache tu. Barua zikaenda, barua zikarudi, na 1826 bendera ikateremshwa kwa sababu wakubwa wa Owen walimkana. Wamazrui wakabaki na Sayyid Said wao hadi 1837. Tofauti ya Owen na Elliot ni kwamba Mombasa ilirudishwa na Hong Kong haikurudishwa, na sababu yake si busara ya mtu. Nitaeleza.

Barua ya kumfukuza Elliot ilipokuwa bado baharini, yeye aliendelea na kazi kama mtu mwenye kazi. Mei aliizingira Guangzhou, akachukua fidia ya dola milioni 6 ili asiingie mjini. Juni 7 akaitangaza Hong Kong bandari huru. Juni 14 akapiga mnada wa kwanza wa viwanja. Watu wakanunua, wakaanza kujenga. Wote hao walikuwa wananunua ardhi kutoka kwa afisa aliyekwishafutwa kazi katika kisiwa ambacho waziri wake hakukitaka, na hakuna aliyekuwa na njia ya kujua.

Kisha Julai 21 likaja tufani. Elliot alikuwa kwenye mashua yake Louisa, anatoka Macau kwenda Hong Kong. Mashua ikavunjika, wakatupwa kisiwani, yeye na wenzake. Kichwa cha Elliot kilikuwa kimewekewa zawadi kubwa na maafisa wa Qing. Wenyeji waliowakuta wangeweza kutajirika kwa safari moja tu ya mtumbwi. Mapatano yakafanyika pale ufukweni, wavuvi wakakubali kuwapeleka Macau kwa dola 3,000, na Elliot akasafiri amelala chini ya mashua, amefunikwa mikeka. Mashua ya maafisa wa China ikapita karibu ikauliza habari, hakuna aliyesema. Katika mikataba yote ambayo Charles Elliot alifunga China, ule wa wavuvi ndio pekee ambao pande zote mbili ziliuelewa vilevile na kuutimiza.

Akafika salama. Haikupita muda, barua ikamkuta: umeondolewa. Agosti akaja mrithi wake, Henry Pottinger, na mwezi huohuo Elliot akapanda meli.

Sasa lile nililoahidi kulieleza. Pottinger aliagizwa apuuze makubaliano ya Elliot na aanze upya kwa nguvu. Akiwa huko, serikali ya London ikaanguka, Palmerston akatoka, akaingia Lord Aberdeen, ambaye hakuona faida ya kushikilia kisiwa. Maagizo yakalegezwa. Lakini Pottinger alipofika Hong Kong alikuta maghala, barabara, na wafanyabiashara waliokwishatoa fedha kwenye mnada ule wa Juni. Tarehe 29 Agosti 1842, ndani ya manowari Cornwallis mbele ya Nanjing, mkataba ukatiwa sahihi: dola milioni 21, bandari tano, na Hong Kong milele. Pottinger akamwandikia Aberdeen akiri kwamba kuibakiza Hong Kong ndilo jambo pekee alilovuka maagizo kwa makusudi.

Elliot alivuka maagizo akafukuzwa. Pottinger alivuka maagizo, kwa kisiwa kile kile, akawa gavana wake wa kwanza. Mtaa wenye jina lake upo Hong Kong hadi leo, una ngazi za mawe. Elliot alipelekwa Texas, wakati huo ikiwa nchi huru, kisha akawa gavana wa Bermuda, wa Trinidad, na mwisho wa Saint Helena. Hakuwahi kurudishwa China.

Nimebakiza Qishan. Mfalme alimsamehe kwa hatua, akamrudishia vyeo, na miaka michache baadaye alikuwa Lhasa, mwakilishi wa dola ya Qing huko Tibet. Mwanzoni mwa 1846 mapadri wawili Wafaransa waliingia Lhasa baada ya safari ndefu sana ya nchi kavu, na kazi ya kuwafukuza ikamwangukia yeye. Mmoja wao, Padri Huc, aliandika mazungumzo yao. Qishan, kwa habari za padri huyo, aliuliza mambo ya Ulaya, akauliza kama Palmerston bado ni waziri. Halafu akauliza: na Elliot, amekuwaje?

Padri akamwambia aliitwa nyumbani. Kuanguka kwako kulimwangusha na yeye. Qishan akasikitika. Akasema alikuwa mtu mwenye moyo mzuri, ila hakujua kukata shauri. Kisha akauliza: walimuua, au walimpeleka uhamishoni?

Akajibiwa kwamba si hili wala lile. Qishan akasema maafisa wenu wana bahati kuliko sisi. Mfalme wetu akituonyesha kitu akasema hiki ni cheupe, tunasujudu na kusema ndiyo, ni cheupe. Akituonyesha kitu kile kile akasema ni cheusi, tunasujudu tena, na kusema ndiyo, ni cheusi.

Ahsanteni. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.